UFA MDOGO, HASARA KUBWA

Huko Marekani wako watu wanaojiundia ndege nyumbani. Sisemi ndege za kuchezea watoto. Ni ndege za kweli, za kubeba watu wawili au wanne, zenye injini na mabawa, ambazo mwenyewe huziunda katika banda la kuwekea gari, kisha akapanda na kuruka nazo. Tangu mwaka 1953 wana chama chao, EAA, kilichoanzishwa na Paul Poberezny mjini Milwaukee, na kila mwaka hukutana kwa maelfu mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin, kuonyeshana kazi zao. Sheria inawaruhusu, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na watu wanaojifunza au kujiburudisha, si na kiwanda.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya sehemu moja tu ya kazi yao, ile inayowanyima usingizi. Pengine utadhani ni injini. La hasha. Injini kwa kawaida hununuliwa ikiwa tayari. Pengine utadhani ni mabawa. Hapana, bamba la alumini likiharibika hutupwa, likakatwa jingine. Kinachowatoa jasho ni kile kifuniko kinachong'aa juu ya kichwa cha rubani.

Kwa mbali utasema ni kioo. Sicho. Ni plastiki ngumu iitwayo akriliki, ambayo wengi wetu twaijua kwa majina ya kibiashara ya Perspex na Plexiglas. Ndiyo itumikayo katika mabango ya maduka yanayowaka taa usiku, na katika vifuniko vyekundu vya taa za nyuma za magari. Hupitisha zaidi ya asilimia 90 ya mwanga, na uzito wake ni kama nusu ya uzito wa kioo. Kiwandani, bamba lake hupashwa moto mpaka likalegea, kisha husukumwa kwa hewa likavimba kama puto. Likipoa hubaki na umbo hilo. Muunda ndege huletewa puto hilo likiwa zima, na kubwa kuliko linavyohitajika. Kazi ya kulipunguza mpaka likae sawasawa juu ya ndege yake ni yake mwenyewe, na likipasuka, jingine ni zaidi ya dola 1,000.

Sasa sikiliza ila ya akriliki. Bati ukilipinda hupindika, nawe ukaona. Ubao hulia kabla ya kuvunjika. Akriliki haionyi. Imetulia, imetulia, mara paa! Ufa umekwenda kutoka ukingo hadi katikati. Wala ufa huo hauanzi popote tu. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Ufa huanzia penye mkwaruzo, penye pengo dogo lililoachwa na jino la msumeno, au penye tundu lililotobolewa vibaya. Nguvu zote za kuvutwa na kupindwa hukusanyika hapo penye kidonda, na kidonda kikazidiwa.

Jambo hili si la fedha peke yake. Katika Vita Kuu ya Pili, vifuniko vya akriliki vilipovunjwa na risasi, chembe zake ziliingia machoni mwa marubani wa Uingereza. Daktari wa macho wa London, Harold Ridley, aliona kwamba chembe hizo hazikuliudhi jicho kama alivyotazamia. Mwaka 1949 akatumia plastiki ya aina hiyo kutengeneza lenzi ya kuwekwa ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho, na leo mamilioni ya watu wanaona kwa sababu ya fikra ile. Hayo ni mema. Lakini muunda ndege hukumbuka pia upande wa pili: kifuniko kikivunjika angani, uso ulio nyuma yake ni wake.

Je, hufanyaje basi? Kwanza huangalia joto. Akriliki ikipata baridi huzidi kuwa kavu na yepesi kupasuka. Kwa hiyo haikatwi wala haitobolewi katika baridi ya Desemba ya Marekani. Hungojewa kiangazi, au banda hupashwa moto mpaka nyuzi 25 hivi au zaidi, na plastiki yenyewe huachwa humo muda wa kutosha ipate joto lote. Sisi wa pwani tungekuwa na bahati hapo. Jua letu lingetufanyia nusu ya kazi bila malipo.

Pili, huweka msumeno kando. Meno ya msumeno hung'ata na kuvuta. Badala yake hutumia diski nyembamba ya kusaga, inayokula plastiki polepole kama msasa. Hukata kidogo, akapandisha puto juu ya fremu, akatazama, akapiga alama, akashusha, akakata tena kidogo. Wengine hupandisha na kushusha mara ishirini na zaidi. Sababu ni nyepesi kueleza: kilichobaki unaweza kukipunguza, lakini kilichokatwa huwezi kukirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Katika ndege nyingi za namna hii, kama RV-7 ya kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, kuna siku moja inayoogopwa kuliko zote. Ni siku ya kukata puto vipande viwili: cha mbele kiwe kioo cha upepo, cha nyuma kiwe kifuniko cha kufunguka. Siku hiyo huitwa rafiki wa kusaidia. Mmoja hukata, mwingine hushika na kubandika utepe nyuma ya diski, ili vipande visicheze na kuupasua mwisho wa mkato.

Tatu, hulainisha kila ukingo. Hutumia tupa na msasa, akianza na wa chenga kubwa na kumalizia na laini kabisa. Husugua kwa kufuata urefu wa ukingo, maana mikwaruzo inayoukata ukingo ndiyo mbegu ya ufa.

Nne, hutoboa kwa akili. Keekee ya kawaida ya kutobolea chuma hujizungusha ndani ya plastiki kama skrubu, na inapotokea upande wa pili hubomoa. Kwa hiyo hutumia keekee iliyonolewa maalumu, yenye kukwangua badala ya kung'ata, na chini ya plastiki huweka ubao. Tena tundu hufanywa pana kuliko skrubu itakayopita humo. Kwa nini? Kwa sababu akriliki hutanuka kwa joto mara tatu ya alumini. Kifuniko cha mita 1.5, joto likibadilika kwa nyuzi 30, hubadilika urefu kwa milimita 3 hivi, wakati fremu ya alumini iliyo chini yake hubadilika milimita 1 tu. Ndege iliyoanikwa juani uwanjani, kisha ikapanda kwenye baridi ya juu, hupitia mabadiliko hayo. Skrubu ikiwa imebana, plastiki haina pa kwenda ila kupasuka. Ndiyo maana skrubu hazikazwi kwa nguvu za mabavu, na wengine siku hizi huacha matundu kabisa, wakabandika kwa gundi inayovutika kama mpira.

Na ufa ukitokea juu ya tahadhari zote? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini huu hauzibwi kwa kupakwa kitu. Fundi hutoboa tundu dogo pale hasa ufa ulipokomea, ili ncha yake kali igeuke mviringo na nguvu zisambae. Ufa husimama hapo. Alama hubaki, ila ndege huweza kuruka.

Hata wewe usiye na ndege una faida humu. Usifute taa ya gari wala bango la duka kwa petroli, thina au asetoni. Dawa hizo huiingia akriliki ikajaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Maji, sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha.

Mkaguzi wa serikali huja ndege ikiwa imekwisha. Huona kifuniko kinang'aa, kinafunguka na kufunga. Kingo nyingi wakati huo zimekwisha fichwa chini ya mikanda ya alumini au ya faiba. Kama zililainishwa au ziliachwa na meno, anayejua ni yule aliyezikata. Naye ndiye atakayeketi chini yake siku ya kwanza ya kuruka.

Hadi juma lijalo.