Kifaranga wa manjano na ahadi ya mayai: msome kuku kabla hujatuma pesa

Umeamua kufuga kuku nyuma ya nyumba pale Rongai au Kayole. Wazo poa. Jamaa wa mayai boilo amekuahidi soko, na kuna broka mtandaoni anauza vifaranga wa siku moja, "wa mayai, majike watupu", kwa bei ya kutupa. Kabla hujatuma M-Pesa, muulize swali moja: wana rangi gani?

Kuku wengi wa mayai wanaofugwa Kenya ni wa kahawia, kama ISA Brown. Hawa wamezalishwa kwa namna ambayo jinsia inaonekana wakianguliwa tu: jike ni wa kahawia, dume ni wa manjano iliyopauka. Majike huenda kwa wafugaji wa mayai. Madume hawana kazi huko, kwa sababu hawatagi na hawanenepi haraka. Kuwauza bei ya chini si kosa. Shida inaanza broka anapowabatiza upya: leo ni wa mayai, kesho ni broila, kesho kutwa ni kienyeji.

Na broila je? Kifaranga wake pia ni wa manjano, awe jike au dume, kwa hivyo siku ya kwanza macho yatakudanganya. Baada ya wiki mbili ukweli unajianika. Broila ni mzito, kifua kipana, miguu minene, na kufikia wiki ya sita anangoja sufuria. Yule dume mwingine bado ni mwembamba, anakula tu. Hapo ndipo pesa yako ya chakula inapoyeyuka.

Kwa kienyeji walioboreshwa, mambo ni tofauti. Kuroiler, aina iliyotoka India, na wale wa KALRO Naivasha wote hutoka rangi mchanganyiko: weusi, wa kahawia, wenye mistari. Hakuna rangi inayothibitisha aina. Tena Kuroiler ni chotara. Ukiangua mayai yake nyumbani, watoto hawatakuwa kama wazazi. Aina utaijua kwa kujua kifaranga alikotoka. Omba risiti ya kituo kilichomwangua, na uulize kama alichanjwa Marek siku ya kwanza. Muuzaji akianza kuzunguka, funga simu.

Jinsia ya kienyeji wa siku moja nayo? Kwa macho yako, sahau. Umbo la yai halisemi kitu. Kumning'iniza kifaranga kichwa chini ni kumtesa bure. Kupima manyoya ya mabawa hufanya kazi kwa aina zilizozalishwa kwa ajili hiyo pekee. Kuna mbinu ya kuchungulia sehemu ya kutolea kinyesi, iliyoanzia Japani miaka ya 1920, lakini inahitaji mafunzo marefu. Usijaribu nyumbani, utamuumiza.

Subiri wiki ya sita hadi ya nane. Angalia undu, ile nyama ya kichwani. Wa dume huwa mkubwa na mwekundu mapema. Wa jike bado ni mdogo na umepauka. Miguu ya dume pia ni minene. Ikifika miezi mitatu, kagua manyoya ya shingoni na ya mgongoni karibu na mkia: ya dume ni marefu, yamechongoka na yanang'aa, ya jike yana ncha ya duara. Linganisha kuku wa umri mmoja na aina moja, la sivyo utachanganyikiwa.

Sasa piga hesabu kama mtu wa biashara. Ukinunua vifaranga 50 wasiochambuliwa, tarajia takriban 25 wawe majogoo. Kama unataka mayai pekee, nunua majike wa kahawia waliochambuliwa kituoni, au ongeza pesa uchukue kienyeji wa miezi miwili unaoweza kuwakagua mwenyewe. Kama umechukua mchanganyiko, panga mapema majogoo watauzwa lini, labda Desemba watu wakienda ushago.

Usingoje wawike. Saa kumi alfajiri jogoo akianza, mwenye ploti atakuwa amejua jinsia yake kabla yako.