Chatu Hali Chakula cha Baridi

Mwaka 2021 mamlaka za afya na usalama wa chakula nchini Uingereza ziliwatolea onyo wafugaji wa nyoka. Tangu mwaka 2015, watu zaidi ya 850 nchini humo walikuwa wameugua aina moja ya salmonela, na uchunguzi uliishia kwenye friza za majumbani, kwa panya wa barafu wanaouzwa kama chakula cha nyoka. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa watoto wa miaka 10 kushuka chini.

Mtoto hahitaji hata kumgusa nyoka ndipo augue. Inatosha baba aweke panya kwenye bakuli la chakula, au amwage maji aliyomyeyushia panya kwenye sinki la vyombo, au afungue mlango wa jokofu kabla hajanawa. Barafu haiui salmonela. Huilaza tu, na joto likirudi nayo huamka. Marekani nako, mwaka 2010, kampuni moja ililazimika kuwaondoa sokoni panya wake wa barafu baada ya watu kuugua katika majimbo kadhaa.

Wapo watakaosema basi bora panya hai. Sikubaliani nao hata kidogo. Panya hai hubeba vimelea vilevile, na zaidi ya hapo ana meno. Akifungiwa katika kisanduku cha kioo na nyoka asiye na njaa, humtafuna mgongoni mpaka nyama ionekane, na nyoka wa kufugwa hana pa kukimbilia. Panya mwenyewe naye ana haki ya kutoteseka kwa hofu kwa saa nzima. Wale wa barafu kwa kawaida huuawa kwa gesi ya kaboni dioksidi kabla ya kugandishwa, kwa hiyo kinachobaki ni kazi ya mfugaji, na kazi hiyo inataka subira.

Huanza usiku. Panya hutolewa friza, hutiwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa barabara, kisha huwekwa ndani ya chombo chenye mfuniko katika jokofu, mbali na vyakula vya watu, mpaka asubuhi. Panya mdogo huyeyuka upesi, ila panya mkubwa huweza kulainika nje huku tumbo bado ni jiwe. Hapo kidole ndicho kipimo: mfugaji huvaa glovu na kubonyeza tumbo taratibu. Akigusa kigumu chochote ndani, husubiri. Nyoka akimeza panya mwenye barafu tumboni hushindwa kumsaga na mara nyingi humtapika, na kutapika humdhoofisha nyoka kuliko kulala njaa.

Maikrowevu isitumike kabisa. Hupasha kwa mafungu, huku ikipika mguu na kuacha kifua kikiwa baridi, na panya huweza kupasuka humo humo ambamo kesho utapashwa uji wa mtoto.

Panya akishayeyuka, mfuko wake huzamishwa katika maji ya moto kiasi, ambayo mkono unayavumilia, mpaka mwili ufikie joto la panya aliye hai, yaani nyuzi 37 au kuzidi kidogo. Joto hili lina maana kubwa kwa chatu wadogo wa Afrika Magharibi, ambao wanaosafirishwa nje ya Afrika wengi hutoka Ghana, Togo na Benin, wale wanaojikunja kama mpira wakiogopa. Kwenye midomo yao kuna vishimo vinavyohisi joto, na kwa hivyo chatu humwona panya hata gizani. Panya aliyepoa kwake ni kama hayupo. Nyoka wa mahindi wa Marekani hana vishimo hivyo, hutegemea zaidi harufu anayoikusanya kwa ulimi, naye si mgumu sana kumlisha.

Panya hukaushwa kwa karatasi, hushikwa kiunoni kwa koleo refu, kichwa kikitangulia, na kutikiswa kidogo. Koleo ni lazima, kwa sababu mkono nao una joto na chatu hachagui. Ulimi hutoka na kurudi, shingo hujikunja, halafu chatu hurusha kichwa kwa kasi ambayo jicho haliifuati na kumzongomeza panya aliyekwisha kufa zamani.

Baada ya hapo nyoka aachwe siku mbili bila kushikwa, huku kisanduku chake kikiwa na upande wa joto, kwani bila joto hasagi chakula. Akikataa, asilazimishwe. Chatu hawa huweza kususa kwa wiki nyingi wakiwa wazima kabisa. Panya aliyekataliwa harudi friza, hufungwa kwenye mfuko na kutupwa, na koleo, bakuli na glovu vina mahali pao pa kuoshwa, si jikoni.