Podo wa Itombwe, mti wa baridi usiovua majani

Mtu akisimama bandarini Kalundu na kulipa ziwa mgongo, milima inampandia usoni kama ukuta. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya ukuta ule, katika safu ya Itombwe, mlima Mohi unafika mita 3,475. Miteremko inayoitazama Uvira ni nyasi na mashamba. Msitu uko mbali zaidi, huko kwenye ukungu na baridi ya usiku, na ndani yake umo mti unaoitwa podo.

Kwa wataalamu ni Podocarpus milanjianus, jina la mwaka 1894 lililotokana na mlima Mulanje wa Malawi. Ni ndugu wa misonobari: hautoi ua hata moja. Ila ukiushika tawi hutaamini udugu huo. Badala ya sindano una majani marefu, bapa, magumu kama ngozi, na kila jani lina mshipa mmoja tu katikati, bila vijimshipa vya pembeni. Mbegu nayo haijifichi ndani ya koni kavu. Imekaa juu ya kikonyo kilichonenepa, laini, kinachogeuka chekundu kikiiva, kama mtu aliyeketi kwenye kigoda. Ndege huja kwa utamu wa kigoda, mbegu wakaiangusha mbali. Neno podocarpus lenyewe ni la Kigiriki: tunda lenye mguu.

Majani hayo hubaki kijani mwaka mzima. Si ajabu, karibu misonobari yote ya dunia iko hivyo. Ajabu ni lariksi, mti wa milima ya Alpi, Siberia na Kanada: kila mwaka kabla ya majira ya baridi sindano zake hugeuka manjano ya dhahabu, zikapukutika zote, mti ukabaki uchi miezi mingi. Hata hivyo una maisha marefu kupindukia. Lariksi wa vileleni Kanada wamepita miaka 1,000.

Kwa nini mmoja avue na mwingine asivue? Jibu ni kiu. Ardhi ya Siberia ikiganda, mizizi haipati maji, na jani lililo wazi kwenye upepo hukausha mti. Wakazi wa bonde la Ruzizi wanaijua mbinu hiyo bila kufika Siberia, kwani migunga mingi ya kule bondeni huangusha majani kiangazi kikikaza. Barafu na jua kali vimeifundisha miti somo moja. Podo hakulihitaji: huko juu udongo haugandi, na ukungu huulowesha msitu hata mvua zikikatika.

Kwenye mbao ndipo lariksi anapomshinda. Mbao yake yenye utomvu huvumilia maji, na baadhi ya nguzo zinazoubeba mji wa Venice ni zake. Mbao ya podo ni ya manjano hafifu, nyororo, haina utomvu, inakubali randa vizuri. Seremala ataipenda kwa kabati na dari. Ukiichimbia ardhini bila dawa, mchwa na kuvu huimaliza upesi.

Lipo jambo jingine ambalo kila mwenye shoka angepaswa kulijua. Podo ana dume na jike, kila mmoja mti wake, na upepo ndio mshenga wao. Dume hutoa chavua tu. Mbegu ni za jike peke yake. Mti wenyewe hukua polepole mno, kwa hiyo jike mmoja akianguka, hakuna wa kushika nafasi yake kwa muda mrefu. Ninyi mnaopasua mbao huko juu, tazameni matawi kwanza: mkiona vigoda vyekundu, uacheni mti huo usimame.