Unataka kuachia ngazi kama kiongozi wa timu kwenye gemu ya vita? Soma hii kabla hujaondoka

Kuongoza timu kwenye gemu ya vita mtandaoni ni kazi isiyo na mshahara wala likizo, na watu huikumbuka siku mambo yakiharibika. Ndiyo maana viongozi wengi huchoka.

Kuchoka si kosa. Shida ni namna wengi wanavyoondoka: wanafuta gemu, wanatoka kwenye grupu la WhatsApp, wanapotea.

Iwe unaongoza klani ya Clash of Clans au kikosi kwenye kampeni ya miezi kadhaa ya EVE Online, kuachia ngazi ni haki yako. Lakini hata mwenyekiti wa mtaa akimaliza muda wake, kuna kukabidhi ofisi. Ukiruka hatua hiyo, timu iliyojengwa kwa miaka inaweza kuvunjika ndani ya wiki chache.

Kwani kiongozi anafanya nini hasa?

Mchezaji wa kawaida anaona shambulio lake tu. Kiongozi anaona kila kitu kilicho nyuma yake.

Chukua Clash of Clans, gemu ya kampuni ya Supercell ya Finland iliyotoka mwaka 2012. Klani moja inabeba watu hadi 50. Kwenye ligi ya vita ya kila mwezi, klani 8 huwekwa kundi moja na kila klani inapigana vita 7 mfululizo. Kila mchezaji aliye kikosini ana shambulio moja tu kwa kila vita.

Kiongozi na wasaidizi wake ndio wanaopanga nani aingie kikosini, nani akae benchi, na mwishoni nani apewe medali za bonasi. Asiyeshambulia anaiangusha timu nzima, kwa hiyo kuna mtu lazima amkumbushe. Mara nyingi mtu huyo ni wewe, saa tano usiku, kesho una kazi.

Kwa wachezaji wa Afrika Mashariki walio kwenye timu za kimataifa, kuna mzigo mwingine: saa. EVE Online inatumia saa za UTC. Vita ikipangwa saa 2 usiku kwa saa hizo, Dar es Salaam na Nairobi ni saa 5 usiku. Hapo ndipo bando, usingizi na ndoa vinapoanza kugombana.

Utajuaje muda umefika?

Dalili ziko wazi. Ukisikia mlio wa ujumbe wa timu, moyo unashtuka. Unacheza kwa sababu watu wanakusubiri, hamu ya gemu ilishaisha. Unamfokea dogo aliyekosea shambulio moja. Au maisha yamebadilika: mtoto amezaliwa, mitihani inakaribia, umehamishiwa kituo kingine cha kazi.

Kuchoka uongozi si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linautambua uraibu wa gemu kama tatizo la kiafya kwenye mwongozo wake wa ICD-11 ulioanza kutumika Januari 2022. Lakini hilo linahusu mtu aliyeshindwa kujizuia na anayeendelea kucheza hata maisha yakiharibika, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Ukijiona humo, kuacha cheo pekee hakutoshi. Ongea na mtaalamu wa afya.

Kazi isiyoonekana ikisahaulika

EVE Online ni gemu ya vita vya anga ya kampuni ya CCP Games ya Iceland, iliyoanza mwaka 2003. Huko miungano ya wachezaji inamiliki maeneo, na umiliki huo ulikuwa unalipiwa kila baada ya muda, kama kodi ya nyumba.

Januari 27, 2014, malipo ya eneo moja linaloitwa B-R5RB hayakufanyika. Eneo hilo lilikuwa kambi muhimu ya upande mmoja vitani. Adui akaona mwanya, akavamia.

Mapigano yalidumu takriban saa 21. Zaidi ya wachezaji 7,500 walishiriki. Meli 75 za aina ya Titan, kubwa kuliko zote kwenye gemu, ziliteketea. Hasara ilikadiriwa kuzidi dola 300,000 za Marekani.

Hapo hakuna kiongozi aliyekuwa amejiuzulu. Ni malipo tu ambayo hayakuingia. Sasa fikiria umeondoka na vikumbusho vyote viko kichwani mwako peke yako.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2009, gemu hiyohiyo. Muungano maarufu wa Band of Brothers ulivunjwa kutoka ndani: mmoja wa watu wenye mamlaka ya juu alihamia upande wa mahasimu wao, Goonswarm, na mamlaka yake yakatumika kuufuta muungano wote. Hakuna kombora lililohitajika. Ndiyo maana kumpa mtu funguo za timu si jambo la kufanya kwa hasira au kwa haraka.

Namna ya kukabidhi

1. Chagua wakati. Usiondoke katikati ya ligi au kampeni. Subiri vita vya mwezi viishe, kisha toa taarifa. Wiki mbili hadi nne zinatosha kwa timu nyingi.

2. Ongea na mrithi kwanza, faragha. Mshambuliaji bora si lazima awe kiongozi bora. Tafuta anayejibu ujumbe, anayeelewana na watu, na ambaye tayari anafanya nusu ya kazi yako bila kuombwa. Muulize kama anataka. Akisema hapana, usimlazimishe.

3. Andika kila kitu. Nani yuko macho saa ngapi, nani ana akaunti mbili, mmekubaliana nini kuhusu anayekosa shambulio, nani msimamizi wa grupu la WhatsApp au seva ya Discord. Ukurasa mmoja unatosha.

4. Mwache aongoze ukiwepo. Mpe vita moja apange yeye. Wewe kaa pembeni, jibu maswali tu.

5. Kabidhi cheo, usikabidhi akaunti. Kwenye Clash of Clans, ukimpandisha msaidizi kuwa kiongozi, wewe unashuka na kuwa msaidizi. Ukishabonyeza huwezi kujirudishia mwenyewe. Mpaka yeye akubali. Kumpa mtu nywila ya akaunti yako ni kitu kingine. Masharti ya Supercell yanakataza, na akaunti inaweza kufungiwa.

6. Usisahau funguo za nje. Usimamizi wa WhatsApp, Discord, na pesa kama mlichangishana za zawadi. Pesa zikabidhiwe mbele ya wote, hesabu ikionekana.

Useme nini?

Kifupi, bila lawama. Mfano:

"Wakuu, habari za jioni. Baada ya ligi ya mwezi huu naachia uongozi. Kazi imenibana, sina tena muda mnaostahili. Mrithi ni yule ambaye wengi mmemwona akipanga vita wiki hizi, na amekubali. Mimi nabaki mchezaji wa kawaida. Asanteni kwa kunivumilia."

Orodha ya nani alikukera iache. Ukiwa na malalamiko kuhusu mtu, mwambie mwenyewe faragha. Ujumbe wa kuaga ukigeuka kesi, grupu zima litagawanyika kabla mrithi hajakaa kwenye kiti.

Ukishaondoka, ondoka

Hapa ndipo wengi wanateleza. Wanaachia cheo lakini wanaendelea kutoa amri. Kiongozi mpya akipanga kikosi, wa zamani anasahihisha mbele ya watu. Timu inabaki na manahodha wawili.

Kama unabaki, pokea maagizo kama wengine. Kama unaona huwezi kunyamaza, pumzika mwezi mmoja nje ya timu kisha urudi. Na mrithi akikosea vita ya kwanza, mwache ajifunze. Wewe pia ulianza hivyo.

Kumbuka klani ina vitu visivyohamishika. Ngazi ambayo klani ya Clash of Clans imeipata kwa kupigana inabaki kwenye klani hiyo. Ikifa, wachezaji wakianzisha nyingine wanaanza chini kabisa. Wapo pia watu ambao hawajawahi kuonana ana kwa ana, lakini kila usiku wanajuliana hali kupitia timu hiyo. Ukikabidhi vizuri, wataendelea kukutana hapo hata kama wewe umelala.