Bawasiri Kambini: Ugonjwa Unaofichwa kwa Haya

Yapo maradhi ambayo mtu huyataja mbele ya wenzake pasipo haya. Mwenye malaria husema, mwenye mafua husema, na aliyeteguka mguu katika gwaride huchechemea mbele ya kikosi kizima. Bali mwenye bawasiri hunyamaza. Huketi upande upande juu ya benchi, na akiulizwa hujibu kwamba kiuno kinamsumbua.

Sajini mmoja, ambaye jina lake hatutalitaja, alinyamaza hivyo kwa muda wa miezi minane. Kila alipokwenda haja kubwa aliona damu, naye akajiambia kwamba itakoma. Mkewe ndiye aliyeigundua siku moja alipokuwa akifua. "Baba Amina, damu hii imetoka wapi?" Mume akajibu kwamba amejikwaruza. Wiki chache baadaye alianguka akiwa lindoni, si kwa homa wala kwa njaa, bali kwa upungufu wa damu.

Ndugu msomaji, bawasiri ni nini hasa? Katika njia ya haja kubwa kila mtu, mzima na mgonjwa, anavyo vifuko laini vyenye mishipa ya damu, ambavyo husaidia kuifunga njia hiyo barabara. Vifuko hivyo vikijaa damu kupita kiasi, vikavimba na kulegea, hapo ndipo tunaposema kwamba mtu ana bawasiri. Kwa hiyo si mdudu, wala si uchawi, wala hauambukizwi kwa kuketi mahali alipoketi mgonjwa, wala si ushahidi wa mwenendo mbaya. Hili la mwisho tunalisema kwa makusudi, kwa maana dhana hiyo imewafunga wengi vinywa.

Bawasiri ya ndani aghalabu haiumi, kwani sehemu ilipoota haina hisia ya maumivu. Dalili yake ni damu nyekundu, mbichi, inayodondoka baada ya choo au kuonekana juu ya karatasi. Ikizidi, kinyama hutokeza nje wakati wa kujikamua, kisha hurudi chenyewe. Baadaye hakirudi mpaka kisukumwe kwa kidole. Na mwishowe hukataa kabisa kurudi. Bawasiri ya nje huwa chini ya ngozi, nayo huwasha na kuleta uvimbe. Damu ikiganda ndani yake, hutokea ghafla donge gumu la rangi ya samawati iliyoiva, lenye maumivu makali mno. Maumivu hayo huwa makali zaidi siku mbili tatu za kwanza, kisha hupungua polepole.

Chanzo kikubwa ni choo kigumu na kujikamua. Hapa askari na polisi wana sababu zao. Mtu aliye lindoni huizuia haja mpaka zamu iishe. Aliye safarini hukaa ndani ya lori mchana kutwa, akinywa maji kidogo ili asisumbue msafara. Na chakula chake mara nyingi ni posho ya unga mweupe uliokobolewa, pasipo mboga ya kutosha. Akina mama nao hupatwa wakati wa ujauzito, kwa uzito wa tumbo na mabadiliko ya mwili, na mara nyingi nafuu huja baada ya kujifungua.

Nafuu huanzia jikoni. Uji wa wimbi, unga usiokobolewa, maharagwe, dodo, viazi vitamu na mapapai hulainisha choo. Chakula hiki kiongezwe kidogo kidogo, la sivyo tumbo litajaa gesi. Maji nayo ni ya lazima, yapata lita mbili kwa siku, na zaidi kwa afanyaye kazi juani. Haja ikija, iitikiwe mara moja, wala mtu asikae chooni akisoma gazeti, hata likiwa hili letu.

Kwa maumivu na mwasho, mgonjwa aketi katika beseni safi lenye maji ya vuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Maji matupu yatosha; asitie sabuni wala dawa ya kuua vijidudu, kwani huunguza ngozi. Kisha ajikaushe kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Vidonge vya paracetamol huweza kusaidia, lakini dawa zenye kodeini hukaza choo. Marhamu ya dukani yenye dawa ya kupunguza uvimbe isitumiwe zaidi ya wiki moja bila shauri la daktari. Wapo wanaotia pilipili, au kuunguza kwa dawa kali, au kukata kwa wembe. Tunasihi mambo hayo yaachwe, kwani makovu yake huweza kuibana njia ya haja kwa maisha yote.

Hata hivyo si kila damu ni bawasiri. Maumivu kama ya kukatwa na wembe wakati wa choo huenda yakawa mpasuko wa ngozi. Damu iliyochanganyika na ute pamoja na msokoto wa tumbo huenda ikawa kuhara damu, na kwa waliooga au kuvua katika Ziwa Albert, Ziwa Victoria au Mto Nile, huenda ikawa kichocho cha matumbo. Choo cheusi kama lami huashiria damu itokayo juu, tumboni. Na mtu ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, au anayekonda bila sababu, hana budi kuchunguzwa haraka asije akawa na saratani ya utumbo mpana. Daktari hupima kwa kidole chenye glavu na bomba fupi lenye taa, kazi ya dakika chache tu.

Ndivyo alivyofanyiwa yule sajini. Daktari hakukubali kuilaumu bawasiri mpaka alipouchunguza utumbo wake na kuuona salama. Kisha akavifunga vile vifuko kwa vipete vya mpira, ambavyo vilianguka vyenyewe pamoja na nyama iliyokauka baada ya wiki moja hivi. Alipewa vidonge vya madini ya chuma kwa miezi kadhaa, akaonywa kwamba hukifanya choo kuwa cheusi na huweza kukikaza. Mama Amina akaongeza wimbi katika uji. Siku hizi sajini huenda lindoni na chupa yake ya maji, na akisikia haja humwomba mwenzake amshikie zamu.