Jina Ikishika, Hata Susu Ataitumia

Shukia steji ya Machakos utembee mdogomdogo ukienda soko. Duka za kijani ziko kila kona, na ukiskiza wasee wakibonga pale, hakuna mtu anaongea habari ya huduma za kifedha za simu. Ni "nitumie" ama "weka kwa M-Pesa", story imeisha.

Hiyo jina ilitoka Machi 2007, na huku Ukambani iliingia fasta, juu Kikamba chapaa ni mbesa. Susu wa Kathiani mwenye hajawahi kanyaga benki anaitamka bila kufunzwa, kwa sababu ni kitu amekuwa akiita tangu akiwa mtoi.

Sasa cheki venye wengine walifanya. Mwaka wa 2009 kampuni ya simu ya Zain waliangusha Zap, na kutuma doh na Zap kulikuwa chee kuliko M-Pesa. Bei iliweza kabisa. Lakini Zap ni nini kwa mathe wa kuuza nyanya? Hakuna mahali angeishikia. Na hao wenye kuileta wenyewe walikuwa wanahama jina kila saa: Kencell 2000, Celtel 2004, Zain 2008, Airtel 2010. Jina nne kwa miaka 10! Utawekaje fee ya watoi kwa jina yenye hujui kama itakuwa hapo mwaka kesho?

Lazima niseme ukweli pia, si jina pekee iliwaangusha. Safaricom, wenye M-Pesa, walikuwa na wateja mob na maejenti hadi vijijini, na msee hutumia laini yenye watu wake wako nayo. Bado nasimama na hii: imani ya watu hukaa kwa jina. Ukibadilisha jina, unaanza kuitafuta imani upya.

Safaricom walishtukia hiyo mapema. Sambaza, Bonga, Okoa Jahazi, zote ni maneno yenye tayari yalikuwa mdomoni mwa watu. Halafu Januari 2019 wakaleta Fuliza, na leo hiyo ni lugha kamili. Msee wa nduthi atakushow "nimefuliza soo mbili nidunge mafuta" na hakuna mtu aliwahi kumkalisha chini kumwelezea mambo ya ovadrafti.

Hapo ndio roho yangu inauma kiasi. Jina tamu hufungua mlango, hata mlango wa deni. Okoa Jahazi, ile ya kukopa kredo, inakuokoa ikikukata 10%. Fuliza ukikaa nayo, inakuchaji siku kwa siku. Ukiskia hizo jina unahisi umesaidiwa na beshte, na mayut wa mtaa wanaingia bila kuuliza bei.

Kuna apu ya mkopo ya kampuni ya Marekani, ilianza hapa Kenya ikiitwa Mkopo Rahisi. Baadaye ikageuka Tala. Kwetu Machakos, Tala ni soko, ile ya karibu na Kangundo, kwa hivyo mtu akisema ametoa doh Tala, inabidi umuulize ni gani. Tala ni jina fupi na inakaa poa kwa skrini, sikatai. Lakini mimi naona ile ya kwanza ilikuwa na heshima zaidi, juu neno mkopo ulikuwa unaliona kabla hujabonyeza kitu.

Kwa nyinyi mayut wa Masaku mnaounda apu, wa Chuo Kikuu cha Machakos na wale mnajifunza wenyewe kejani: kabla mlipe mtu wa kuchora nembo, pelekeni jina sokoni. Mpatieni mathe wa mboga aisome kwa sauti. Kama anaweza kupigia dadake simu amtajie hiyo jina bila kuiharibu, chukueni. Kama apu ni ya kukopesha, jina iseme mkopo. Na siku mwenye ganji atakuja kutoka mbali akitaka iitwe kitu ingine, kataeni.