Kenya: Bei ya Nyumba Si Gharama Yake

Katika nchi jirani ya Kenya suala la makazi ya mfanyakazi limekuwa miongoni mwa mambo yanayojadiliwa kwa uzito mkubwa. Mwezi Septemba 2018 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba askari polisi wangetoka katika kota za serikali, waishi miongoni mwa raia na kulipwa posho ya nyumba. Baadaye, Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024 iliweka makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi, na mwajiri naye akatakiwa kutoa kiasi kama hicho.

Hata hivyo, kukatwa fedha hizo si sawa na kupata nyumba. Mwishoni mwa mwaka 2023 mikopo ya nyumba iliyokuwa katika mabenki ya Kenya ilikadiriwa kuwa 30,000 hivi, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Kwa nini idadi ni ndogo hivyo? Sehemu kubwa ya jibu imo katika hesabu, na hesabu hiyo yafaa ieleweke kwa kila askari, kwa maana siku ya kustaafu kota hurudishwa pamoja na sare.

Chukuliwe mfano wa nyumba ya mjini yenye bei ya shilingi za Kenya 4,000,000. Mnunuzi anatoa asilimia 10 ya bei, yaani 400,000, na kukopa 3,600,000 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, alipe kwa miaka 20. Marejesho yake yatakuwa shilingi 44,767 kila mwezi. Katika mwezi wa kwanza riba peke yake ni 42,000. Kwa hiyo kinachopunguza deni lenyewe ni shilingi 2,767 tu. Miaka 20 ikiisha, atakuwa ameilipa benki zaidi ya shilingi 10,700,000, karibu mara tatu ya fedha alizokopa.

Muda ukifupishwa kuwa miaka 10, marejesho yanapanda hadi shilingi 55,896 kwa mwezi, lakini jumla inashuka hadi 6,700,000 hivi. Nyongeza ya 11,000 kwa mwezi yaokoa zaidi ya milioni 4. Riba nayo ikiwa asilimia 9 kwa miaka 20, marejesho ni shilingi 32,390. Ndiyo sababu Kenya iliunda, mwaka 2018, kampuni ya kuyapatia mabenki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu, ili navyo viweze kukopesha kwa riba nafuu zaidi.

Kwa makadirio ya haraka, kila shilingi 100,000 zinazokopwa kwa miaka 20 hudai 900 kwa mwezi riba ikiwa asilimia 9, na 1,244 ikiwa asilimia 14. Na kwa kuwa riba nyingi hupanda na kushuka, mkopaji hana budi kujiuliza mapema: ikifika asilimia 16, je, ataweza kulipa 50,085?

Zaidi ya marejesho, zipo gharama za kuanzia. Ushuru wa stempu nchini Kenya ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba mjini, na asilimia 2 shambani. Kwa nyumba ya mfano huu ni shilingi 160,000. Wakili akikadiriwa kudai asilimia 2, ni 80,000 nyingine. Kusajili rehani kwatozwa asilimia 0.1 ya mkopo, yaani 3,600. Hivyo basi, kabla ya kumlipa mthamini na bima, mnunuzi awe na fedha taslimu 643,600, si zile 400,000 alizodhani zatosha. Anayenunua nyumba yake ya kwanza katika mpango wa nyumba nafuu husamehewa ushuru wa stempu.

Jambo la mwisho ni mshahara. Sheria ya ajira ya Kenya yataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya ujira. Mwenye mshahara wa shilingi 80,000 anaweza kukatwa 53,333 tu. Akitoa marejesho ya 44,767, zinabaki 8,566, ambazo hazitoshi kodi ya mapato na makato mengine ya lazima. Kwa hiyo nyumba ya milioni 4, inayotangazwa kuwa ya mtu wa kawaida, haimfikii mtu huyo kwa masharti hayo. Ama ajiwekee akiba kubwa kwanza, ama atafute riba ndogo, ama achague nyumba ya bei ya chini.

Sheria za ardhi za Tanzania ni tofauti: hapa ardhi ni mali ya umma, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa muda uliowekwa. Lakini hesabu ya riba haijui mpaka. Askari anayeanza kuweka akiba akiwa bado kijana kazini anapunguza kiasi atakachokopa, na kila laki asiyoikopa ni mzigo wa miaka mingi alioutua. Asiyefanya hivyo hukutana na maneno ya wahenga: kukopa harusi, kulipa matanga. Kabla ya kutia sahihi, na apige hesabu ya mambo matatu: fedha za kuanzia, marejesho ya kila mwezi, na kitakachobaki mezani kwa ajili ya watoto.